Karatasi ya Mume Mkaidi

Mwalimu wa mafunzo ya kuzungumzia saratani bila woga alipouliza nani ataigiza mume mkaidi, Luming alimnyooshea kidole mumewe mwenyewe, aliyekuja tu kumchukua kwa pikipiki yake ya abiria.

"Huyo hapo. Hahitaji hata mazoezi!"

Ukumbi wa barangay, serikali ya mtaa wao, ukalipuka kwa makofi. Mume akapewa karatasi ya maneno yake, akaishika kwa vidole vya grisi, akatanguliza kitambi na mbwembwe zikaanza.

"Uvimbe gani, wewe mwanamke? Hiyo ni pasma tu, ugonjwa wa kuchanganya joto na baridi! Si nilikukataza kugusa maji baridi ukitoka kupiga pasi?"

"Mpe vidonge vyake!" wanawake walipiga kelele, wakicheka hadi viti vya plastiki vikalia.

Ikawa zamu ya Luming, aliyeigiza mke. Karatasi yake ilimtaka aitaje zahanati. Lakini nyumbani alikuwa amejaribu mara tatu kumwambia mume huyu jambo, na mara zote tatu mzaha ulimziba mdomo. Hapa, mbele ya mashoga zake wote, hakukuwa na mlango wa kutokea. Akaikunja karatasi.

"Ninao tangu Krismasi, mume wangu. Titi la kushoto. Na hauumi."

Mmoja nyuma alicheka, kisha akajifunika mdomo kwa kiganja.

Mume aliinamia karatasi yake. Kidole cha grisi kikashuka mstari kwa mstari, kikiacha madoa meusi, kikafika chini, kikarudi juu.

"Hilo halimo humu," alinong'ona.

"Halimo," alisema Luming. "Sema la kwako."