Kunyang'anyana Ufagio

Walikuwa wakinyang'anyana ufagio. Fundi cherehani ameshika mpini juu, mama mtu mzima ameung'ang'ania chini, na hakuna aliyekuwa tayari kuachia.

"Mama, kaa upumzike," fundi alimsihi.

"Pumzika wewe, mwanangu. Mimi nimezoea kuhudumia watu."

Fundi alijua hiyo ndiyo shida ya watu waliokaa peke yao muda mrefu: hawajui kuhudumiwa. Yeye alikuja na waumini wenzake kwenye safari ya huduma ya likizo. Walilala katika ukumbi wa shule, na kila asubuhi kila mmoja alishika njia kwenda kwenye nyumba aliyopangiwa. Yake ilikuwa ile yenye mlango wa kijani, nyuma ya mashine ya kusaga. Aliambiwa kuna mtu mzima anaishi pale peke yake, afya yake ya kusuasua, nyumba imechakaa. Asafishe, apake rangi. Na zaidi ya yote, kiongozi wao alisisitiza, asimalize kazi tu akaondoka, apate rafiki.

Hapo kwenye rafiki ndipo palipomtisha. Fundi alikuwa na haya kupita kiasi. Aliweza kumpima mteja gauni zima bila kumwambia neno. Safari zote zilizopita alijificha jikoni akisugua masufuria, akarudi kwao na mikono laini kwa sabuni na rafiki hata mmoja hana.

Siku ya kwanza alikuta kitasa kimeng'oka na mlango umefungwa kwa kamba. Akabisha, kimya. Akafungua kamba, akaingia, akaanza kukung'uta vumbi. Punde mama akatokea mlango wa nyuma na kapu la mboga, akamtazama kwa huruma, akatabasamu kama wanaojuana siku nyingi. Tangu hapo ikawa vita. Fundi akishika mapazia, mama anamnyang'anya beseni. Fundi akiinjika maji ya chai, mama anamwondoa jikoni. Alipopiga chafya kwa sababu ya vumbi, mama alimzungushia shuka mabegani, akamnywesha maji ya moto yenye limau, akamwombea uponyaji kwa sauti kubwa mpaka mbuzi wa jirani wakaitikia. Fundi alishangaa sana. Mgonjwa ndiye anayemuuguza aliyekuja kumuuguza.

Kilichomtia wasiwasi kidogo ni kumbukumbu ya mama. Kutafuta chumvi tu, alifungua kabati zote, akachungulia hadi uvunguni mwa meza, ndipo akaiona kwenye kopo la majani ya chai. Fundi alijifanya hakuona, asije akamwaibisha.

Rangi nayo ilikuwa kisa. Fundi alileta nyeupe. Mama alikuwa na kopo lake la nyekundu. Fundi alimwomba achague, mama akasema la, achague yeye. Walibembelezana mpaka jua likawa utosini, mwishowe wakachanganya makopo yote mawili. Kuta zikatoka na rangi ya ufizi. Kila mmoja aliisifu ili kumfurahisha mwenzake.

Ila kazi ilikwenda na maneno nayo yakaja. Fundi alijikuta akimsimulia mama siku aliposhona suruali ya bwana harusi, miguu yote miwili ya kushoto, na jinsi bwana harusi alivyoingia kanisani akikata kona. Hakuwahi kumwambia mtu. Mama alicheka mpaka akaegemea ukuta mbichi, akabandika kiganja chake pale. Jioni alimsindikiza fundi hadi njia panda, na ikawa hivyo kila siku. Waliagana pale kwa muda mrefu, kila mmoja akimhimiza mwenzake arudi akalale mapema.

Siku ya mwisho walikaa sebuleni wote wawili kwa mara ya kwanza, maana hapakuwa na chochote kilichobaki cha kunyang'anyana. Fundi alizungusha kikombe mkononi, akajikaza.

"Mama, hata kazi ikiisha, nitakuwa nakuja hapa kukuona."

Mama alijifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Tutaonana hapahapa, mwanangu. Hunipotezi."

Mlango ukafunguliwa. Mzee mmoja, mkongojo mkono huu na begi mkono ule, akasimama kizingitini. Akazitazama kuta. Akatoka nje, akautazama mlango, akaingia tena.

"Samahanini," akasema kwa adabu. "Nilipokwenda kwa binti yangu, nyumba yangu ilikuwa hapa. Mwenye hii ni nani?"

Fundi akamnyooshea mama kidole. Mama alikuwa amekwisha kumnyooshea yeye.