Mgeni Wangu wa Machui

Kila mwaka serikali huwafufua waliopigana Machui, vita vile vya ndugu kwa ndugu vya karne ya kumi na tisa, ikatugawia tuwalishe wiki nzima, kisha wakapigane tena ili tusisahau. Mimi nina Feruzi, hodari wa kukuna nazi kuliko marehemu mume wangu alipokuwa hai. Jirani ana Mabruki, aliyemuua Feruzi. Wanacheza karata barazani kwangu, na wanavyoibiana hao!

"Kesho wapi?" Feruzi akamuuliza.

"Kifuani, kama kawaida."

Nikadakia, "We Mabruki, kanzu yake imejaa viraka vyangu. Mwaka huu mkose."

"Bibi, mwaka jana kuna aliyemkosa mwenzake makusudi. Hawakufufuliwa tena, wote wawili."

Nikamjazia chai. "Basi lenga vizuri, mwanangu."