Pua Ikinyamaza

"Andika vizuri, watu wasije wakafa kwa mwandiko wako," mkemia Salhina alimtania Shekue, fundi wa mabango, aliyekuwa juu ya ngazi akiandika ukutani mwa maabara. Katika mji ule kanuni ya usalama haikuwa kanuni mpaka ipakwe rangi ukutani, mkemia aliyeitunga akiwa amesimama pale pale.

"Wafe kwa mwandiko, au kwa haya mayai yenu mabovu? Tangu niingie pananuka!"

"Si mayai, ni gesi kidogo kwenye karo la kuoshea vyombo. Tumeizoea. Haya, andika: Pua ikiacha kusikia harufu, usifurahi. Gesi imezidi, pua imekufa ganzi. Toka."

Shekue aliandika, kisha akaanza kuiremba herufi ya mwisho.

"Basi mie nina bahati, dada. Harufu yenu imeisha."

Salhina alicheka. Halafu akanusa. Hapakuwa na yai bovu. Hapakuwa hata na harufu ya rangi mbichi.

"Kaka, shuka. Shuka!"

"Ngoja nimalizie mkia."

Alimshika mguu, akamvuta. Shekue alikuwa bado anatabasamu, macho yamemganda, na brashi mkononi mwake ilikuwa ikiteremka ukutani polepole, ikichora mkia mwekundu kuelekea sakafuni.