Nimeshika

"Leo natangulia mimi," alisema Seremala, na kabla Kiongozi hajafungua kinywa, mwenzake alikuwa ameshatia mguu kwenye ufa wa kwanza wa mwamba.

Haikuwa desturi. Miaka kumi na miwili Kiongozi alikuwa akipandisha watu kwenye mlima huu wa mawe ya chokaa, na siku zote yeye mbele, mgeni nyuma. Lakini leo angemkatalia nini Seremala? Mwaka jana, kwenye ukuta huuhuu wa mwisho chini ya kilele, alikuwa amemuulia mdogo wake. Basi akamshikia kamba kwa mikono miwili, mpaka Seremala alipopotea juu.

Hakuna aliyejua. Watu wote walijua kwamba jiwe lilivunjika. Kiongozi mwenyewe ndiye aliyewaambia, na nani angebisha? Mawe ya chokaa ndivyo yalivyo: yana makali ya kukuchana viganja, ukiyaegemea vibaya yanakatika kama mkate mkavu. "Ajali haina kinga," watu walimwambia, wakampa pole. Yeye, muuaji, akapewa pole!

Aliyemmaliza kabisa ni mama wa marehemu. Kila akipita kwao, mama yule humvutia kiti kilekile cha pembeni alichopenda Kitinda, mwanawe wa mwisho, akamwambia, "Kaa, mwanangu. Wewe ndiye uliyekuwa naye." Kiongozi hukaa, akanywa chai. Zamani simu ikilia pale sebuleni, mama alikuwa akiuliza kwanza, "Ni yupi huyo?" maana vijana wake wawili walifanana sauti mpaka kero. Siku hizi haulizi tena.

Kisha juzi Seremala akaja kumwambia, "Nipeleke nikalione hilo jiwe." Kiongozi akajua siku yake imefika. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Kamba ikakaza kiunoni.

"Panda!" Seremala aliita kutoka kileleni.

Akapanda. Vidole vilivyokuwa vikiujua mwamba ule kama mlango wa nyumbani leo vilikuwa vikitafuta. Alipofika pale ukuta ulipovimba, pale wanapopaita tumboni, ambapo wa chini hamuoni wa juu wala wa juu hamuoni wa chini, akasimama. Chini yake palikuwa na urefu wa nyumba ya ghorofa sita.

Alijijua. Akisubiri wafike juu, wakae, wapeane maji, atamtazama usoni na hatasema. Tena aliona ni haki aseme akiwa hapa, roho yake ikiwa mikononi mwa mwenye msiba.

"Seremala!"

"Naam!"

"Jiwe halikuvunjika."

Akaegemeza paji la uso mwambani.

"Nisikilize, ndugu yangu. Siku ile nilipanda kwanza, nikapitisha kamba kwenye pete ya chuma ya juu, nikashuka kumshikia mdogo wako; wewe ulikuwa umeshatutangulia kileleni. Mimi niko chini na kamba, Kitinda yuko hapa tumboni, simuoni. Mimi na yeye tulikubaliana akifika juu, akajifunga kwenye pete hiyo, aniitie neno moja tu: nimeshika. Mimi nikilisikia naachia kamba. Basi nikalisikia, nikaachia. Kumbe bado yuko hapahapa!"

Akahamisha mguu kwenye ufa mwingine, akaendelea.

"Labda alimaanisha ameshika jiwe. Sijui. Ningemuuliza mara ya pili tu, angekuwa hai. Sikuuliza. Jua kali, nina njaa, nataka tumalize tushuke. Nimemuua mdogo wako kwa haraka zangu, kisha nikawadanganya nyote, na mama yako nikanywa chai yake."

Kamba ikalegea.

Aliisikia ikimporomokea mapajani, legelege, kama nguo iliyoanuliwa kambani. Akafumba macho. Hakumlaumu. "Fanya tu, kaka," alisema moyoni, ingawa vidole vyake, visivyo na haya, viling'ang'ania jiwe.

"Hilo neno," Seremala aliuliza hatimaye, na sauti haikuwa ya mtu aliyekasirika, "ulilisikia kwa sauti kubwa?"

"Kubwa. Kama mtu anayegomba."

"Mara moja?"

"Mara moja tu."

Upepo ukapita matunduni mwa mwamba. Kisha kamba ikaanza kupanda, shibiri kwa shibiri, ikakaza, ikamshika sawasawa. Kiongozi hakuamini. Akapanda huku analia waziwazi, akajikwaruza magoti, akajivuta mpaka juu.

Alimkuta Seremala amekaa kitako, miguu ameikaza mwambani, kamba ameizungusha viganjani mpaka imemchuna ngozi. Uso mzima ulikuwa na vumbi jeupe la chokaa, na machozi yalikuwa yamepita humo. Hakumtazama. Kiongozi akapiga magoti mbele yake.

"Nisamehe, kaka. Sina la kujitetea. Nikishuka nakwenda kwa mama, namwambia mwenyewe."

"Usimwambie mama!" Seremala alimdaka mkono. "Nakuomba. Kwa lolote unaloliamini, mama asijue."

"Lakini ana haki ya kujua mwanawe alisema nini mwisho."

"Kitinda hakusema kitu," alisema Seremala. "Ni mama alinipigia simu, anasisitiza nisimwache mdogo wangu nyuma peke yake. Mtandao unakatakata, kila mara ananiuliza kama nimeshika alichoniambia. Mwisho nikachoka, nikamjibu kwa kelele."