Ukumbi wa Wade

"Piga kelele," Wade alisema, akafunga mlango.

Corinne akapiga kelele. Alikuwa peke yake gizani, ndani ya ukumbi wa sinema ambao mumewe alikuwa ameujenga chini ya nyumba yao kwa mikono yake mwenyewe, miezi kumi na minne bila kuajiri fundi. Kuta zilikuwa na matabaka mawili ya jipsamu, na katikati sufi ya kuzuia sauti. Mlango ulikuwa mzito, umezungushiwa mpira pande zote.

Wade akashuka tena kutoka jikoni, amekunja uso. "Umepiga kweli? Sijasikia kitu. Isije ikawa unaninong'onia humu kama panya."

"Nimepiga, Wade."

"Basi tuhakikishe." Akamshika kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, akakikunja nyuma mpaka kikalia ko. Kelele iliyomtoka Corinne safari hii haikuhitaji kuombwa. Wade akafunga mlango, akapanda jikoni, akasimama pale akitafuna karanga na kutega sikio. Kimya.

Aliporudi alikuwa anacheka kwa furaha. "Ukumbi umekwisha, mke wangu! Hata bomu lilipuke humu, huko juu watu wanakunywa kahawa yao."

Mji mzima wa Duluth ulimpenda Wade, na mimi siulaumu, maana aliufanyia kazi upendo huo. Alifundisha watoto mpira wa magongo kwenye barafu. Theluji ikianguka, aliwafagilia wajane njia zao kabla ya yake. Alipomvunja Corinne mkono mwezi wa pili, Corinne alimwendea Verna, mama mkwe wake, akamweleza yote. Verna akaweka kikombe mezani.

"Wade wangu? Aliyelia wiki nzima paka alipokufa? Corinne, mwanangu, uliteleza kwenye ngazi. Sema tu uliteleza, hakuna atakayekucheka."

Akamwendea Gordy, jirani yao, askari wa kaunti. Gordy akacheka kweli.

"Shemeji, nyumba gani haina ugomvi? Mpikie chakula kizuri, yataisha." Kisha akaenda kumsimulia Wade habari yote wakinywa bia, kama kichekesho. Yaliyofuata baada ya bia hiyo, Corinne hakumwambia mtu.

Alichokitaka hakikuwa kikubwa. Alitaka mtu mmoja amwamini kabla hajauawa. Kwamba atauawa alilijua kama anavyojua jina lake, na sasa alijua hata chumba.

Jumamosi Wade alikwenda ziwani asubuhi kuvua, akarudi saa nane mchana na samaki wawili na hasira ya kujaza ndoo nzima. Alimkuta mkewe jikoni, amevaa gauni la bluu, kidole amekifunga kijiti.

"Leo hata mama hajanipigia simu," alinung'unika, akitupa samaki kwenye sinki. "Hakuna aliyepiga, hata mmoja. Na wewe gauni la nini? Unakwenda wapi?"

"Kwa dada yangu, Fargo. Kesho. Na sirudi, Wade."

Kofi la kwanza lilimtupa kwenye jokofu. La pili likampasua mdomo. Wade akamkamata nywele, akamwinamisha mpaka paji la uso likagonga ukingo wa meza, mara moja, mara mbili. Damu ikachuruzika juu ya vigae.

"Si hapa," Corinne alisema, pumzi zikimkatika. "Dirisha liko wazi. Watu watasikia. Twende chini."

Wade akasita, kisha akaangua kicheko. "Ona sasa! Miaka kumi na moja, ndiyo kwanza unapata akili."

Akamburuta kwenye ngazi kwa nywele, magoti yakigonga kila kidato. Corinne hakushika nguzo wala hakung'ang'ania ukuta. Alishuka upesi kuliko alivyovutwa, na Wade katika ghadhabu yake hakuliona hilo. Akafungua mlango kwa bega, akamtupa juu ya zulia jipya, akaufunga nyuma yake.

Giza lilikuwa totoro. Swichi ilikuwa mbali, kando ya kiti chake cha mstari wa mbele, maana hakutaka kuinuka kila picha inapoanza. Wala hakuihitaji taa. Aliufuata mguno wa mkewe, akampiga teke la mbavu.

"Kwa nini, Wade?" Corinne aliuliza kutoka sakafuni. "Mkono mwezi wa pili. Juzi kidole. Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu! Nakuvunja kwa sababu naweza, unaelewa? Nilikuvunja mkono, nikala chakula changu, nikalala usingizi mzuri. Leo ni shingo. Watakukuta chini ya ngazi, na mimi nitalia kuliko wote." Alikuwa anahema kama aliyepanda mlima. "Kamshtakie mama! Kamshtakie na Gordy! Haya, piga kelele, tuone nani atakusikia!"

Corinne hakupiga kelele. Alitema damu, akainua uso kuelekea kwenye viti.

"Mama," alisema, "washa taa."

Mwanga ukapanda taratibu, ukawafichua watu ishirini na wawili waliovaa kofia za karatasi, walioalikwa na Corinne kumshtua Wade siku yake ya kuzaliwa, na kuambiwa wasitoe sauti mpaka yeye aseme taa iwashwe. Gordy alikuwa tayari amesimama, na kwenye kiti cha mbele Verna, mkono mmoja ukiwa bado kwenye swichi, alikuwa ameipakata keki yenye jina la mwanawe.