Kofia Mbili za Nyaya

Siku ile nyumba nzima ilikuwa na mjinga mmoja tu, naye ndiye aliyekuwa na shahada nyingi kuliko wote. Hasingiziwi. Mwenyewe hulikiri hilo kabla hajaulizwa.

Alikuwa ameketi mbele ya kompyuta, juu shati la pasi na tai, chini kaptura na ndala, akizungumza mubashara na watafiti wa ubongo wa kila pembe ya dunia. Nyuso zao zilijipanga kwenye kioo kama mayai kwenye trei. Upande wa pili wa meza hiyohiyo mkewe, wakili, alikuwa akipitia jalada la kesi, miguu ameipandisha kwenye kiti.

Profesa alikuwa na ugunduzi. Mtu akisimulia na mwenzake akasikiliza, alisema, sauti huyashika mawimbi ya ubongo wa msikilizaji na kuyachezesha kwa mwendo wa msimulizi. Ushahidi wake mkubwa ulikuwa mchoro wenye mistari miwili, wa bluu na wa njano, ikipanda pamoja na kushuka pamoja kama watoto kwenye ngazi. Wa bluu ulikuwa ubongo wake. Wa njano, wa mkewe. Aliuweka mtandaoni na maneno haya: "Hii ndiyo nguvu ya sauti." Watu wakausambaza, hata wale wasio na hakika ubongo unakaa wapi.

Mmoja tu hakuupenda: mtafiti kijana wa chuo kingine, ambaye Profesa kwa faragha alimwita Kiroboto, kwa sababu alikuwa mdogo na hakukosa pa kuuma.

"Profesa, ulijaribu pia bila sauti?" Kiroboto aliuliza.

"Bila sauti ubongo ufuate nini, binti yangu? Upepo?"

Wachache wakacheka, naye akanogewa. Hapo ndipo ulimi ulipomponza.

"Atakayenionyesha mawimbi yamefuatana hivi pasipo sauti, makala yangu naifuta leo hii mbele yenu!"

Mkewe aliinua macho kutoka kwenye jalada. Makala ile ilikuwa imekula miaka ya mumewe, likizo zao, na nywele zake zote za utosini.

Lakini Profesa hakuwa na wasiwasi. Siku ya jaribio aliikumbuka vizuri. Mkewe alikuwa nyuma ya kioo, ndani ya chumba kisichopitisha sauti, kofia ya nyaya za kupima ubongo kichwani na vipokea sauti masikioni. Yeye alikuwa nje na kofia yake, amefanana na kuku aliyenyeshewa. Fundi wa mitambo alikuwa ametoka kunywa chai, ila profesa mzima amsubiri fundi kwa ajili ya kitufe? Alikibonyeza mwenyewe. Taa ya kipaza sauti ikawaka nyekundu, sawasawa na ya studio ya redio, akaanza.

Alisimulia kile kisa chake. Siku ya kwanza ya masomo ya udaktari, kwenye chumba cha maiti, aliwaambia wenzake wasiogope, wamtazame yeye. Akavuta shuka kwa madaha, akazimia. Alipozinduka alijikuta amelazwa kwenye meza ya jirani, na mhudumu wa chumba anamfunika taratibu. Alikisimulia kwa mikono, mabega na nyusi, kama anavyokisimulia kila anapokuta watu wameketi na hawana pa kukimbilia.

Mkewe alitoka mle ndani akicheka.

"Jamani mikono yako! Kama unafukuza nyuki. Halafu, baba watoto, mle ndani—"

"Usiseme!" alimkatiza. "Mshiriki haelezi lolote mpaka data ichambuliwe. Ndiyo kanuni."

Data ikachambuliwa, sifa zikamiminika, na mshiriki hakuulizwa tena.

"Sasa tutajuaje kwamba ni sauti, si kitu kingine?" Kiroboto alikuwa bado amemng'ang'ania.

"Shahidi ninaye hapahapa!" Profesa akaigeuza kompyuta kumwelekea mkewe.

Mkewe akaziba kamera kwa kiganja. "Baba watoto," alinong'ona, "kazini kwetu hatumuulizi shahidi swali tusilojua jibu lake."

"Jibu nalijua."

"Una hakika?"

"Wewe jibu tu, usinitie aibu mbele za watu."

Wakili akaondoa kiganja. Akashusha miguu, akavua miwani, akaiweka taratibu juu ya jalada.

"Waambie, mke wangu," Profesa alisema kwa sauti ile ile aliyoiita nguvu. "Siku ile nikisimulia, wewe ulikuwa unafuata nini?"

"Mikono."

Mayai yote kwenye trei yakainua nyusi.

"Fundi aliniambia nitakusikia taa ikigeuka kijani," mkewe aliendelea. "Haikugeuka, ilibaki nyekundu. Nilikaa mle kama nimefunikwa na mtungi. Hata neno moja halikunifikia."

Profesa alianza kuitafuta makala yake aifute, kwa kidole kilichokuwa kimepoteza shahada zote. Kiroboto alisogea mpaka pua yake ikajaa kwenye kioo, na safari hii hakuwa anauma. Alitaka kujua kwelikweli.

"Lakini mama, mawimbi yenu yamefuatana toka mwanzo mpaka mwisho. Uliwezaje kumfuata pasipo sauti?"

"Alipovuta shuka, nikajua amefika kwa maiti. Alipoinua mikono, nikajua sasa anazimia." Akavaa miwani yake na kulirudia jalada. "Mdogo wangu, kisa hicho nakisikia tangu uchumba. Sauti ya nini tena?"