Mtoto wa Watu

"Leo usiniachie mtoto," mama yake Leonida alisema, huku akiendelea kumpaka mjukuu wake mafuta ya mise, yale ya kokwa za chikichi.

Leonida alikuwa ameshafika mlangoni. Kila asubuhi alimwacha mtoto hapo Rusimbi kwa bibi yake, akawahi kibanda chake cha dagaa sokoni.

"Unaumwa?"

"Siumwi. Jana alilia, nikatoka kuwauliza majirani huyu ni mtoto wa nani."

Leonida alitaka kusema kwamba hayo ni mambo ya uzee tu, kila mtu husahau. Lakini hakuwa na mazoea ya kumdanganya mtu, sembuse mama yake.

Akabaki kuvitazama vile vidole vilivyopinda. Vilipita nyuma ya masikio, vikaingia kwenye mikunjo ya shingo, vikakifungua kingumi kimoja, kisha cha pili, vikasugua kila kiganja taratibu. Mtoto alikuwa amefumba macho kwa raha.

"Ukamwacha kwao, kwa majirani?"

"Nimwache vipi? Mtoto wa watu analia. Nilimbeba mpaka akalala."

Leonida akavuta kanga kwenye kamba, akamweka mtoto mgongoni mwa mama yake, akazunguka mbele na kulikaza fundo kifuani.

"Vaa kandambili, Mama. Tunakwenda wote sokoni."

"Nikafanye nini huko? Hata bei siku hizi zinanipotea."

"Bei niachie mimi. Wewe mbebe huyo," Leonida alisema. "Mimi nitakuwa nawaona."